Mwongozo Kamili: Kupima Sarafu ya Silva ya Columbus kwa Maji, Bila Kuikwaruza

Wiki hii nimepigiwa simu na watu wanne na shida yao ni moja. Wa mwisho ni kijana wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, ananiuliza, "Omera, nimeweka sarafu kwa maji mizani ikasema kumi na mbili, sasa hiyo ni silva ama si silva?" Nikamwambia hiyo ni sarafu imelala chini ya kikombe, itoe tuanze upya. Sasa juu siwezi kuelezea kila mtu kwa simu mpaka bando iishe, nimekaa chini niandike yote mara moja.

Nitaandika "silva" nikimaanisha madini, ndio tusichanganye na fedha ya mfukoni.

Mfano wetu ni ile nusu dola ya Marekani ya 1892 au 1893 yenye kichwa cha Columbus upande mmoja na meli upande wa pili. Nimeichagua juu zilitengenezwa nyingi, karibu milioni tano, na nyingi zilitumika kama pesa ya kawaida, kwa hivyo kati ya zile za zamani hii ndio rahisi kukutana nayo. Njia yenyewe inafanya kazi kwa sarafu yoyote.

Mahitaji

- Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Ile ya 0.1 haifai kabisa, sababu nitakupa mbele. Bei yake haizidi jogoo mkubwa wa kienyeji.
- Chupa ya maji ya nusu lita, ya plastiki, ukate ubaki na kitako chake.
- Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ule unaoonekana kama nywele. Ukiwa Kisumu uliza wauza nyavu ama shuka ufuo wa Dunga, ukiwa Nakuru duka lolote la vifaa vya uvuvi. Usitumie uzi wa kushonea.
- Mwiko na mikebe miwili ya Kasuku (ile ya mafuta ya kupikia) yenye urefu sawa.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la sabuni ya vyombo.
- Kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, hata ya plastiki.
- Sumaku kali. Spika mbovu inayo moja nyuma.
- Kipande cha waya wa shaba kutoka kwa fundi stima.
- Kalkuleta ya simu.

Hatua ya 1: Jua unatafuta namba gani

Hapa ndio watu wanaruka alafu wanalia. Huwezi kupima kitu kama hujui kinatakiwa kusoma ngapi. Hizi ndizo sarafu za wavumbuzi ambazo naulizwa sana:

- Columbus, nusu dola, 1892 na 1893: gramu 12.5, upana milimita 30.6, silva asilimia 90. Kwa maji itatoa kama 10.3 (hiyo ni uzito mkavu gawanya kwa namba ya majini, utaona hatua ya 6).
- Columbus, dola moja ya 1992, na Lewis na Clark, dola moja ya 2004: zote gramu 26.73, milimita 38.1, silva asilimia 90. Pia 10.3.
- Ureno, ukumbusho wa safari ya Vasco da Gama, 1898: reisi 1000 ni gramu 25, reisi 500 ni gramu 12.5, silva asilimia 91.7. Hapo pia ni 10.3 na kitu kidogo.
- Ureno, Vasco da Gama, eskudo 50 ya 1969: gramu 18, silva asilimia 65 tu. Hii itasoma kama 9.9 na bado ni halali kabisa.

Hiyo ya mwisho ndio imefanya watu warudishe sarafu nzuri wakisema ni feki. Ukitafuta 10.3 kwa sarafu ambayo haijawahi kuwa na 10.3, kosa ni lako.

Soma pia maandishi. Kwa nusu dola ya Columbus, upande wa meli utaona duara mbili za dunia chini ya meli na 1492 imegawanywa pande mbili, 14 huku na 92 kule. Huo ni mwaka wa safari. Mwaka wa sarafu yenyewe uko chini kabisa. Nimeshaona mtu akiitisha bei ya shamba juu ati sarafu yake "ni ya 1492", na hakuwa anadanganya, alisoma tu penye macho yalifika kwanza. Na ile ya Ureno ya 1898, mwenye masharubu pale si Vasco, ni mfalme Carlos akiwa na malkia wake, upande wa pili ni msalaba. Ukitafuta uso wa baharia kwa hiyo sarafu utatafuta mpaka jioni.

Sasa kalipa. Pima upana sehemu tatu tofauti. Nusu dola ikikupa 30.5 hadi 30.6 uko sawa, ikikupa 29 ama 32 usiendelee, mrudishie mwenyewe. Angalia ukingo pia, uwe na meno yaliyosimama na yanayofanana kuzunguka kote. Ukiona mstari kama mshono umezunguka katikati ya ukingo, hiyo imemwagwa kwa kalibu kama kifuniko cha sufuria, haikupigwa kwa mashine.

Hatua ya 2: Sumaku

Ikishikwa na sumaku, kwisha maneno, hiyo si silva. Isiposhikwa bado hujajua kitu. Shaba haishikwi, shaba nyeupe iliyochanganywa na nikeli haishikwi, risasi haishikwi, na hizo ndizo zinatumika kutengeneza feki. Sumaku inaweza kuhukumu lakini haiwezi kumwachilia mtu huru, na yeyote anayekuonyesha sumaku sokoni kama ushahidi kwamba sarafu ni silva anakupima wewe, si sarafu.

Hatua ya 3: Uzito mkavu

Weka mizani mezani, si kitandani, funga dirisha na uzime feni. Kisumu mchana upepo wa ziwa ukiingia namba ya mwisho inacheza kama samaki kwa karai, kwa hivyo mimi hupima asubuhi. Washa mizani uiache dakika mbili, ibonyeze irudi 0.00, alafu weka sarafu. Andika. Toa, rudisha, andika tena, mara tatu.

Nusu dola iliyotumika sana inaweza kusoma 12.3 ama 12.4, huo ni uchakavu, sura imelika. Ikisoma 11 si uchakavu tena.

Shika sarafu kwa ukingo wakati wote. Jasho la kidole linaacha alama kwa silva na baada ya miezi kadhaa utaiona ile alama imekuwa nyeusi, imekaa kabisa.

Hatua ya 4: Fanya mtihani na waya wa shaba kwanza

Usianze na sarafu. Menya waya wa shaba, ukunje uwe mpira mdogo wa kama gramu kumi, na ufanye nao hatua ya 5 na 6 yote. Jibu litoke karibu 8.9. Likitoka hivyo mkono wako umeshajua kazi. Likitoka 8 ama 10, kuna kitu unakosea na afadhali ukijue kwa waya kuliko kwa sarafu ambayo tayari umeshikilia bei yake kichwani. (Likitoka 3 na kitu, pole, waya wako ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ziko nyingi siku hizi, mrudie fundi.)

Kunja waya kwa kulegea kidogo, ukiukaza sana utafungia hewa ndani.

Hatua ya 5: Kuning'iniza kwa maji, penye watu wote wanaanguka

Taratibu hapa.

Weka kile kitako cha chupa juu ya mizani, mimina maji yafike kina cha sentimita tano hivi, tia tone la sabuni ukoroge polepole bila povu. Nasema chupa ya plastiki na si glasi juu hizi mizani nyingi mwisho wake ni gramu 200, glasi peke yake inakula uzito wote, ukiongeza maji mizani inaandika makosa alafu unadhani imekufa. Haijakufa, umeibebesha.

Simamisha mikebe ya kasuku pande mbili za mizani, laza mwiko juu yake upite katikati juu ya chupa. Mwiko usiguse chupa wala mizani. Huu ndio mti wako wa kuning'inizia. Usining'inize kwa mkono, hata daktari wa upasuaji mkono wake hautulii hivyo.

Funga sarafu na mshipi kama unafunga kifurushi, msalaba, alafu uning'inize ikiwa imesimama kwa ukingo. Ikilala bapa, hewa inajificha chini yake. Funga mshipi kwa mwiko lakini sarafu bado iwe nje ya maji.

Sasa bonyeza kitufe cha TARE, kwa zingine kimeandikwa T tu, isome 0.00 na chupa ikiwa juu. Alafu shusha sarafu polepole kwa kuzungusha mwiko, mpaka izame yote.

Angalia mambo matatu. Sarafu imezama kabisa, hakuna ukingo umechungulia. Haigusi chini. Haigusi ukuta wa chupa. Hilo la pili ndilo lilimwangusha kijana wa Nyalenda na wengine wote: sarafu ikigusa chini, mizani inabeba sarafu yenyewe, inakuambia gramu 12, na wewe unaandika 12. Ikining'inia vizuri mizani haibebi sarafu, sarafu imebebwa na mwiko. Kile mizani inasoma ni maji yaliyosukumwa tu, na hiyo ni namba ndogo sana. Kwa nusu dola ya kweli ni 1.21 hivi. Ukiona namba kubwa kuliko mbili kwa sarafu hii, usipige hesabu, inua kwanza.

Tazama pia viputo vya hewa, vinapenda kukaa kwa herufi na kwa matanga ya meli. Vichache tu vikiongeza 0.02, jibu linashuka hadi 10.1 na unaanza kuwa na wasiwasi bure. Viguse na njiti laini ya pamba, vitoke. Maji yaliyochemshwa na ile sabuni ni kwa sababu hii hii.

Na mshipi badala ya uzi? Uzi wa pamba unakunywa maji na una unene. Ukiongeza 0.05 tu, nusu dola ya kweli inatoka kwa 10.3 inashuka hadi 9.9. Umetupa sarafu nzuri kwa sababu ya uzi wa shilingi tano.

Soma namba ikitulia, andika. Inua, shusha tena, mara tatu. Namba tatu zisipishane zaidi ya 0.01. Zikipishana zaidi, kuna upepo ama kuna kitu kinagusa mahali.

Hatua ya 6: Hesabu

Chukua uzito mkavu, gawanya kwa ile namba ya majini. Basi.

Yangu moja hapa mezani: kavu 12.44, majini 1.21. 12.44 gawanya kwa 1.21 ni 10.28. Hiyo ni silva asilimia 90, haina maneno.

Sasa ona kwa nini mizani ya 0.1 haifai. Ingesoma 12.4 na 1.2, jibu 10.3, vizuri, unafurahi. Lakini ikiamua kusoma 1.3 jibu ni 9.5, ikisoma 1.1 ni 11.3. Sarafu ni ile ile moja, majibu matatu, silva, takataka na risasi.

Na kama unaogopa ati mizani yako inadanganya kidogo kwa sababu haujaipima na jiwe la kiwanda, lile la uzito unaojulikana, kwa hesabu hii usiwe na wasi. Ikizidisha kwa asilimia mbili, inazidisha namba zote mbili, ukigawanya inajifuta. Itakudanganya kwa uzito mkavu tu, kwa hivyo lile jiwe bado ni muhimu kwa hatua ya 3.

Hatua ya 7: Kusoma jibu

10.2 hadi 10.5: inalingana na silva ya asilimia 90 kwenda juu. Silva tupu ni 10.49. Usibishane na mtu kuhusu 10.28 na 10.35, 0.01 moja ya mizani peke yake inaleta tofauti ndogo kama hiyo.

9.9 hivi: rudi hatua ya 1, angalia kama ni ile ya 1969. Kama si hiyo, rudi hatua ya 5, tafuta viputo.

8.4 hadi 9: shaba, shaba nyeupe yenye nikeli, ama shaba ya manjano, imepakwa silva juu. Hii ndio feki ya kawaida kabisa. Mimi mwenyewe nilinunua "dola ya Lewis na Clark" Nakuru, stendi, nikiwa na haraka ya matatu, nikailipia kwa simu bila kupima juu ilikuwa inang'aa kama jino jipya. Nyumbani ikasoma gramu 19.8 kavu badala ya 26.73, na kwa maji ikatoa 8.6. Baada ya miezi miwili manjano yalianza kuchungulia ukingoni. Iko kwa droo, naitumia kufundishia.

Juu ya 10.7: shuku risasi. Na hapa kuna mtego mmoja, risasi ikichanganywa na bati kwa kipimo fulani inaweza kutoa 10.3 sawasawa. Ndio maana ukipata jibu zuri bado unafanya jambo moja dogo: weka sarafu juu ya ncha ya kidole, iguse ukingoni na penseli ya mbao. Silva inalia kama kengele ndogo, sauti ndefu inayoisha taratibu. Risasi inasema "tup". Usiiangushe kwa simiti kusikia sauti, tafadhali, nimeona watu wakifanya hivyo soko la Kibuye na ukingo ukapata kovu.

Kile kipimo hiki hakiwezi

Kinakuambia madini, hakikuambii nani aliyepiga sarafu. Mtu anaweza kuchukua silva ya kweli akapiga sura ya sarafu adimu. Kuna nusu dola ya Hawaii ya 1928 yenye kapteni James Cook, zilitengenezwa kama elfu kumi tu duniani. Mtu akikuletea hiyo kwa bei ya samaki, 10.3 yako haitoshi, hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye kioo cha kukuza na sarafu halisi ya kulinganisha. Kwa Columbus ya kawaida bei haijapanda kiasi cha kumsumbua mtu hivyo, lakini ukitaka kulipa zaidi ya thamani ya silva, mwombe mtu mwingine aitazame pia.

Na thamani ya silva unaipata hivi: gramu 12.5 mara 0.9 ni gramu 11.25 za silva tupu. Aunsi ya madini ni gramu 31.1, si 28 ya jikoni, hapo wengi wanapunjwa. 11.25 gawanya kwa 31.1 ni aunsi 0.36. Zidisha kwa bei ya silva ya siku hiyo. Hiyo ndio sakafu yako, mtu asikupe chini yake akikuambia "ni nusu dola tu mama, haifiki hata shilingi mia".

Baada ya kupima

Suuza kwa maji safi kutoa sabuni, laza juu ya kitambaa laini cha pamba na ukunje kitambaa juu yake, ubonyeze. Usisugue.

Usisugue. Nimeandika mara mbili makusudi. Si dawa ya meno, si majivu, si magadi, si limau, na jiki ya kung'arisha nguo ndio mbaya zaidi, inaigeuza nyeusi papo hapo. Ule weusi wa zamani kwa silva si uchafu, wanunuzi wanaupenda, na sarafu iliyosuguliwa wanaijua kutoka upande ule mwingine wa meza. Mama mmoja wa Kakamega aliniletea Columbus ya 1893 ameisugua kwa heshima ndio isiniaibishe, akaniambia "mwanangu nimeiosha vizuri". Ilikuwa silva, 10.3 safi kabisa, na meli ilikuwa imebaki kivuli tu. Nilimlipa silva yake kwa uzito, sikuwa na la kufanya zaidi.

Ihifadhi kwa bahasha ya karatasi ama kifuko cha plastiki kigumu kisicho na harufu. Zile karatasi laini za plastiki zinazonuka kama viatu vipya zinatoa utelezi wa kijani baada ya muda. Usifunge na raba, raba ina salfa na itaichora mstari mweusi.

Kuna swali najua litakuja juu linakuja kila mara: je, shilingi ya babu, ile ya Afrika Mashariki yenye simba? Zile za 1921 hadi 1946 zina silva robo tu, asilimia 25, na kuanzia 1948 hazina kitu, ni shaba na nikeli. Kwa hivyo usitafute 10.3 hapo. Soma mwaka kwanza, alafu rudi hatua ya 1.